Syombua Anavyotembea

Zamu ya Kaveke ilipofika alisema mtoto wake anaitwa Mwaitu, na wazazi wote waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa wakaangua kicheko.

Hodan hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mafunzo hayo ya wazazi kila Jumatano, binti wa mwenye duka pale sokoni Kyuso. Watu wake walitoka kaskazini mashariki na ng'ombe wao zamani, lakini Kikamba alikisema kama aliyenyonya nacho.

"Mwaitu ni mama," alisema. "Mtoto ana jina lake. Shuleni wanamwitaje?"

"Felistas."

"Hilo ni la ubatizo. Nyumbani je?"

"Mwaitu."

"Mwalimu, utakesha hapo," alisema Muindi, jirani yake Kaveke, mtu asiyeweza kuona kimya bila kukijaza. "Hawezi kulitaja. Ni jina la mume wake."

"Mume wake yuko wapi?"

"Kaburini. Na alikuwa bibi kizee."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kwa chini, maana hakuna aliyeona ajabu yoyote. Ukambani mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kutoa mbuzi na kumwoa msichana, ili msichana huyo amzalie watoto na nyumba yake isife. Mambo ya kitanda hayamo. Msichana anatafuta mwanamume popote, na mwanamume huyo hana kauli. Mtoto ni wa yule mama aliyetoa mbuzi. Kaveke aliolewa hivyo akiwa msichana mbichi kutoka Kwa Vonza, ambako baba yake alikuwa na mabinti wengi na shamba la mawe. Kikongwe alikufa mimba ikiwa imeshaonekana. Mtoto alipotoka msichana, hapakuwa na cha kujadili. Alipewa jina la mwenye boma.

Na jina la aliyekuoa hulitamki. Ni adabu. Kwa hiyo majirani wote walimwita mtoto Mwaitu, mama yetu, na Kaveke alimwita hivyo hivyo.

"Basi kazi ya nyumbani ni hii," alisema Hodan. "Kila siku, kazi zikitulia, unacheza na mtoto. Unapiga magoti ili macho yenu yawe sawa. Mchezo anachagua yeye, wewe unafuata. Unasema kile anachofanya. Na unamwita kwa jina lake, sauti nzuri, si ile ya kumfukuza kuku."

"Sasa akichagua mchezo wa kwenda dukani kwenu kuchukua biskuti?" akauliza Muindi.

"Mtakuja wote wawili, Baba Mulinge, na mtarudi mikono mitupu mkiongozana vizuri sana."

Kaveke hakucheka. Hakuja pale kwa kupenda. Mwalimu wa nasari alimvua mtoto sweta siku ya joto, akaona mgongo, akapiga simu. Ofisa wa watoto alikuja mpaka bomani, akakaa kwenye jiwe, akamweleza bila kumzungusha: amalize mafunzo bila alama mpya kwenye mwili wa mtoto, au mtoto aende Nunguni kwa Kivuva, mpwa wa kikongwe, mtu mwenye mke mpole na shamba la maparachichi. Kaveke alijua kwamba Nunguni mtoto angeshiba. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mtoto akienda asingerudi, na katika dunia nzima Kaveke hakuwa na kingine.

Kuna jambo ambalo hakumwambia ofisa, wala Hodan, wala mchungaji. Hakuwa akimpiga mtoto. Alikuwa akimpiga kikongwe.

Kwa nini usiamini? Hukukaa naye. Kikongwe hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alionja chakula, akakimwaga chini polepole, akisema, "Wewe msichana, hii nyumba ina mwenyewe." Alikaa mlangoni kanyoosha miguu, ukitaka kupita unaomba. Sasa mtoto naye alianza kukaa mlangoni na miguu kainyoosha. Alionja muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akaisukuma sahani kando, akamtazama Kaveke bila kupepesa macho. Hapo ndipo giza lilipokuwa likishuka. Likiondoka Kaveke alijikuta amesimama na mwiko mkononi, na chini analia mtu mdogo. Alimpiga mmoja, akalia mwingine.

*

Alianza kazi ya nyumbani Alhamisi alasiri. Ndengu zilikuwa zimevunwa na kutandazwa kwenye turubai uani, maganda yakipasuka yenyewe kwa jua, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole. Mtoto alikuwa kwenye kivuli cha ghala akipika udongo katika kifuniko cha chupa.

Kaveke akapiga magoti. Mtoto aliacha kukoroga.

"Unapika," akasema Kaveke. Alijisikia mjinga. "Unakoroga. Unaongeza maji."

Mtoto alimtazama magoti, kisha uso, kisha mikono. Mikono aliitazama kwa muda mrefu.

"Haina kitu," Kaveke akasema, akaigeuza viganja juu.

Ndipo mtoto akaendelea kupika. Walikaa hivyo kitambo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi moyo wa Kaveke ukalegea kidogo. Akakumbuka sehemu iliyobaki. Aliangalia nyuma, ingawa alijua hakuna mtu. Nyumba ya kikongwe ilikuwa imefungwa kwa waya tangu mazishi. Akameza mate, akasema kwa sauti nzuri:

"Syombua."

Mtoto aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kifuniko kikaanguka. Akamziba mama yake mdomo kwa kiganja chenye udongo.

"Usimwite! Atakuja!"

"Nani atakuja?"

"Huyo."

Kaveke akautoa mkono wa mtoto polepole. "Wewe unamjua?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akinong'ona kama watoto wanaonong'ona karibu na nyuki. "Mwovu. Anatoka huko." Akaonyesha nyumba iliyofungwa. Kisha akafikiri, akajisahihisha. "Siku zingine anatoka jikoni."

Kaveke alitaka kuinuka aondoke. Lakini alikuwa ameagizwa afuate, na mtoto alikuwa ameshika kidole chake, anamvuta. Wakazunguka ghala. Nyuma yake, kati ya nguzo na ukuta, ambako mtu mzima hapiti, mtoto akaingia kwa tumbo. Alipotoka alikuwa anaburuta gunia.

"Chakula chake," akaeleza. "Namwekea ashibe, asije."

Vipande vya ugali vilikuwa vimekauka kuwa mawe. Muthokoi ulikuwa umeota ukungu. Kaveke akatambua milo yote ile ambayo mtoto aliisukuma kando akimkodolea macho. Chini ya chakula kulikuwa na mwiko. Na mwiko mwingine uliovunjika. Kamba ya mkonge. Kandambili moja. Mshipi wa sare ya shule. Kwa miezi Kaveke alikuwa akinunua miiko sokoni na kuapa kwamba kikongwe anaiiba kutoka kuzimu.

"Nimemfichia asivione," alisema mtoto. "Lakini anapata vingine."

Kaveke aliketi chini. Aliogopa swali lililofuata, lakini lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nionyeshe anavyokuja."

Mtoto alisita. Akatazama mlango wa nyumba iliyofungwa. Akamwomba mama afumbe macho kwanza, halafu akaghairi, akasema ayafumbue, asimwache peke yake naye. Akaenda mpaka kwenye mafiga, akageuka. Na akaanza kutembea.

Zamani sana kifutu alimuuma kikongwe Syombua mguu wa kushoto, na mguu ukapona vibaya. Aliuburuta. Ulitoa sauti mchangani, shwaa, na Kaveke aliposikia sauti hiyo usiku au mchana aliacha kazi akasimama. Mtoto hakuwahi kumwona bibi huyo. Picha yake haikuwepo, na hakuna mtu aliyewahi kusimulia habari za mguu. Nani amsimulie mtoto habari hizo? Lakini mguu mdogo wa kushoto ulikuja ukiburutwa, shwaa, shwaa, vidole vikitazama nje, bega limelegea upande mmoja. Mtoto akasimama mbele yake. Akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Wewe msichana," akasema. "Hii nyumba ina mwenyewe."

Ndengu zikaendelea kupasuka.

"Nani alikufundisha kutembea hivyo?" Kaveke hakuitambua sauti yake.

Mtoto alishangaa, kama mtu aliyeulizwa jua ni nini.

"Wewe," akasema. "Syombua si ni wewe? Ukikasirika unakuwa yeye. Unajiita: Syombua, niache! Syombua, toka! Halafu unanipiga." Aliona uso wa mama yake ukibadilika, akaongeza haraka, kama anayempa mwenzake pole, "Lakini baadaye unarudi."

*

Jumatano iliyofuata Kaveke alisubiri mpaka mabenchi yakawa matupu. Muindi aliyemleta kwa pikipiki alikuwa nje akibishana na mtu kuhusu mbuzi. Kaveke alimwambia Hodan kila kitu, wima, bila kukaa, kama anayeripoti ng'ombe aliyepotea. Mtoto, gunia, mguu.

"Nilidhani yumo ndani ya mtoto," akamaliza. "Kumbe nimempiga mtoto miaka yote, na yeye amekaa humu." Akajigonga kifua.

Hodan kichwani alikuwa na majibu aliyofundishwa, kwamba mtu hushika njia za aliyemtesa, kwamba hasira hula kumbukumbu. Majibu hayo alikuwa akiyaamini. Lakini vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama, akavuta mkono wa baibui kuvifunika.

"Mama Felistas, mimi mambo ya wafu siyajui. Kazi yangu ni walio hai," alisema. "Nilipokuambia utamke jina, nilikosea, sikuuliza kwanza jina hilo linafanya kazi gani kwenu. Sasa nisikilize. Iwe ni yeye, iwe ni hasira, mimi nakupa jibu moja. Akija, mtoto awe mbali. Wewe unamsikia kabla hajafika?"

Kaveke alifikiri. "Sijui. Sijawahi kusikiliza."

"Sikiliza."

*

Aliporudi na mtungi wa maji siku mbili baadaye, jua likiwa bado juu, mbuzi walikuwa kwenye turubai.

Wote. Walikuwa wamekanyaga, wamekojoa, wametafuna, na dume mkubwa alikuwa amesimama katikati akitafuna polepole kama mzee wa kanisa kwenye karamu ya harusi. Mazao ya msimu mzima. Ndengu zilizobaki zilikuwa zimezikwa mchangani, na lango la zizi lilikuwa wazi. Kando ya lango mtoto alisimama na kidumu cha maji mkononi.

"Kambuzi kadogo kalikuwa kanalia," akasema. "Kalikuwa na kiu."

Kaveke akashusha mtungi. Akasikia mtu akikohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, karibu sana na sikio lake. Akageuka kutazama nani yupo. Hakuna. Koo lililokohoa lilikuwa lake.

Ndipo akasikiliza, kwa mara ya kwanza maishani. Akausikia mguu wa kushoto ukiwa mzito, kuanzia kwenye kisigino, uzito wa baridi unaopanda kama maji ya kisima yanavyopanda kwenye kamba. Akasikia bega likishuka. Aliona mkono wake unafikia fimbo iliyoegemezwa kwenye ghala, na mkono haukuwa na haraka yoyote.

Mtoto alikuwa ameshalala kifudifudi mchangani na kuficha kichwa kwa mikono. Hakuna aliyemwambia. Alilala kama wengine wanavyokaa wakiambiwa chakula tayari.

"Ameshakuja," akasema mtoto, mdomo mchangani.

"Mwaitu." Kaveke alilisukuma neno hilo kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa na watu upande wa pili. "Inuka. Kimbia kwa kina Muindi. Sasa hivi. Usinikaribie mpaka nije mwenyewe."

Mtoto akainua kichwa. Alimkagua.

"Nitajuaje ni wewe?"

"Tazama miguu. Nenda!"

Mtoto alienda. Kaveke aliuona mgongo wa gauni la bluu ukipita lango, ukipita michongoma, ukipotea. Kisha mwili wake ukatoka kumfuata. Ulipiga hatua, shwaa. Kaveke akajitupa chini. Alikaa katikati ya ndengu na mavi ya mbuzi, akaukumbatia mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili, akaukalia wa kulia, na kitu ndani yake kikawa kinajaribu kusimama.

"Wewe msichana," mdomo wake ukasema uani. "Hii nyumba ina mwenyewe."

"Nimesikia," Kaveke akajibu kwa mdomo huo huo. "Syombua, nimekupikia, nimekuogesha, nimekuzika. Mbuzi hao hapo, ndengu hizo hapo. Chukua. Mtoto humpati."

Dume alimtazama, akaendelea kutafuna. Alikaa pale mpaka kivuli cha ghala kikamfikia na mikono ikafa ganzi, na hata hapo hakuuachia mguu haraka.

*

Muindi alikuwa kwenye lango lake la miiba. Alimwona Kaveke akija njiani, akaanza utani toka mbali.

"Mama Felistas! Nasikia mbuzi wako wamekula Krismasi yenu! Mwaka huu mtatualika tuje kula mavi?"

Mtoto alikuwa nyuma ya sketi ya mke wa Muindi. Aliposikia jina la mama yake alitoka, akaja mpaka langoni, akashika mti wa lango. Uso wa mama hakuutazama kabisa.

"Simama hapo," akasema.

Kaveke akasimama.

"Tembea sasa."

"Haya, leo mtoto ndiye ofisa!" Muindi akacheka, akageuka amwonyeshe mkewe kichekesho.

Kaveke alitembea. Alijitahidi kuinua kila mguu vizuri, kama anayevuka matope. Alijiona yuko sawa. Alisikia mwili ni wake, mwepesi, umechoka tu. Alikuwa karibu kufika alipogundua kwamba kicheko cha Muindi kimekatika. Muindi alizaliwa kwenye boma hili. Alimjua kikongwe tangu akiwa mtoto wa kutumwa chumvi. Alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya Kaveke, na mkono wake ulikuwa umemshika mtoto begani, unamrudisha nyuma.

Kaveke akageuka kuangalia alikopita. Vumbini nyayo za kulia zilikuwa nyayo. Upande wa kushoto ulikuwa mstari.

"Bado," akasema mtoto. Hakuwa na hasira wala hofu. Alisema kama mtu anayeonja chungu. "Kaa nje."

"Mwaitu, nimekuja kukuchukua."

"Kaa nje kwanza."

Angeweza kuingia. Lango lilikuwa la miiba tu, na mtoto alikuwa wake, na hakuna sheria ya kumzuia mama asimshike mwanawe mkono. Mguu ulikuwa tayari. Aliusikia ukingoja neno. Kaveke akaketi chini kwenye vumbi, nje ya lango, akaufunga mguu huo kwa kanga yake.

Mke wa Muindi, asiyeuliza maswali, alileta uji vikombe viwili. Kimoja akampitishia Kaveke juu ya miiba. Kingine akampa mtoto, na mtoto akaja kukaa upande wake wa lango, karibu kiasi cha kusikika akimeza. Alikunywa wote. Alilamba kikombe. Muda wote macho yake hayakuacha miguu ya mama yake, na mama yake hakuisogeza.

"Mtamu?" Kaveke akauliza baadaye.

"Mm."

"Umemaliza uji. Umelamba na kikombe."

Mtoto akatabasamu kidogo, bila kuinua macho. Akaweka kikombe chini, akasimama, akashika tena mti wa lango.

"Sasa jaribu tena," akasema.

Kaveke akafungua kanga. Akainuka, akarudi nyuma mpaka kule njia inakoanzia, akaanza kutembea upya.